Unywele ni uzi, si ukuni

Waswahili tuna msemo kwamba ukitaka uzuri sharti udhurike. Msemo huu nimeusikia tangu utotoni katika nyua za mtaa wa Kuze, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Aghalabu msemaji alikuwa mtu mzima aliyeshika kitana cha chuma kilichotoka jikoni kikifuka moshi, ilhali msikilizaji alikuwa msichana aliyeinamisha shingo, kiganja kimelifunika sikio lisije likababuka. Hapakuwa na aliyeuliza ni madhara kiasi gani yanayotosha, wala ni nani aliyeamua kwamba pasipo madhara hapana uzuri.

Swali hilo lilinirudia majuzi, aliponijia nyumbani binti wa dadangu. Alikuwa ametoka katika msimu wa harusi, na wenyeji wa Mombasa wanajua kwamba harusi zetu si za siku moja. Katika juma moja alihudhuria shughuli tatu za wanawake, ya mwisho ikiwa ile ya kupamba, ambapo mabuibui huvuliwa na kila kichwa huonekana. Kila jioni nywele zake zilipitishwa pasi ya umeme. Alipovua mtandio mbele yangu na kupitisha vidole kichwani, vipande vifupi vya nywele vilibaki kiganjani mwake.

“Mama mdogo,” akaniuliza, “hizi zina dawa?”

Mimi ni mwalimu wa isimu, si daktari wa ngozi. Nilisoma niliyoweza kuyasoma na kuwauliza wanaojua, na majibu nitayaeleza. Hata hivyo, kabla ya kuifikia kemia, neno moja katika swali lake lilinishughulisha, nalo ni hilo “dawa”.

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, kemikali ya kunyoosha nywele huitwa dawa. Msichana “ametia dawa”, na mwenzake ambaye hajatia huambiwa kwamba nywele zake “hazina dawa”. Ama kwa hakika, penye dawa pana maradhi. Kwa hiyo, bila ya mtu yeyote kutamka tusi, nywele zinazojikunja zimekwisha kuhesabiwa miongoni mwa magonjwa. Kisha zikiharibika, hutafutwa dawa ya pili ya kutibu madhara ya dawa ya kwanza, na mwenye duka huuza zote mbili.

Kitenzi “kunyoosha” nacho kina mizigo yake. Mtu mnyoofu ni mtu mwema. Mambo yakinyooka yametengenea. Mtoto mtundu hunyooshwa. Kinachonyooshwa hudhaniwa kuwa kilipotoka. Linganisha, ndugu msomaji, na msamiati wa wazee wetu: nywele za singa, nywele za mawimbi, nywele za kipilipili. Neno hilo la mwisho limetumiwa pia kwa dharau, sikatai, lakini asili yake ni sifa ya umbo, kama punje za pilipili manga zilizojikusanya. Siku hizi umbo limeachwa na hukumu imeshika mahali pake: nywele nzuri, nywele mbaya, nywele ngumu.

La tatu ni kauli ya kutendeka. Twasema “nywele zimekatika”, “nywele zimeharibika”. Walimu wa Kiswahili wanajua kwamba kauli hii humficha mtendaji: kikombe kimevunjika, na aliyekivunja hatajwi. Hata msemo wetu wasema “udhurike”, hausemi ni nani adhuruye. Maadamu mtendaji amefichika, hakuna anayejiuliza ametenda nini, na juma lijalo hutenda yale yale.

Sasa na tuutazame unywele wenyewe. Sarufi inauweka katika ngeli ya U-ZI, pamoja na uzi na ukuni. Zote tatu ni vitu vyembamba, lakini matumizi yao hayafanani: ukuni hutiwa motoni, uzi hutunzwa. Kwa maumbile yake, unywele ni uzi. Sehemu yake iliyo hai imo ndani ya ngozi, kwenye shina. Kile tunachokiona nje hakina damu wala hisia; ni protini ngumu iitwayo keratini, na juu yake pana magamba membamba yaliyolaliana kama makuti ya paa. Kwa kuwa sehemu hiyo haina uhai, haina pia uwezo wa kujiponya. Kidonda cha ngozi hufunga. Unywele uliopasuka haufungi.

Umbo la uzi huo hushikiliwa na vifungo kadhaa, na viwili vyatuhusu. Vifungo vya haidrojeni ni dhaifu: hufunguliwa na maji au joto, na hujifunga upya unywele ukaukapo au upoapo. Vifungo vya salfa ni imara, havitikiswi na maji. Hivyo ndivyo vinavyovunjwa na kemikali za kunyoosha. Pasi na kitana cha moto, vikitumiwa kwa kiasi, hufungua vile dhaifu tu. Ndiyo maana unyoofu wa pasi hudumu hadi unyevu unapoufikia. Na Mombasa ni kisiwa. Unyevu umo hewani mchana na usiku. Binti hutoka kwa msusi jioni nywele zimelala, na hata kabla hajafika ukumbini zimeanza kujikunja. Hapo hakuna kosa la nywele wala la msusi, bali ni tabia ya vifungo hivyo katika hewa ya pwani. Lakini binti hudhani kwamba moto haukutosha, na kesho yake huuongeza. Hapo ndipo uzi unapogeuzwa kuni.

Maji huchemka katika digrii 100 za Selsiasi, nazo pasi nyingi za nywele hufika digrii 230. Keratini kavu hubomoka joto linapopita digrii 200 na ushei. Iliyolowa hubomoka mapema zaidi, karibu na digrii 150. Fauka ya hayo, maji yaliyo ndani ya unywele mbichi hugeuka mvuke kwa ghafula na kuacha mapovu yanayoupasua kutoka ndani. Kitana kilichopashwa juu ya makaa kina hatari yake ya ziada, kwa sababu hakina kipimo: anayekishika hukisia tu, na kukisia kukikosewa hulipiwa na kichwa cha mwingine.

Je, zilizoungua hutengenezwaje? Kwanza, zichunguzwe. Lowesha nywele kwa maji safi uzitazame. Zikijikunja kama zamani, zimeathiriwa kidogo, nazo zataka mapumziko. Zikibaki zimelegea na kunyooka hali mizizi yake imejikunja, basi sehemu hiyo imebomoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Hakuna krimu wala mafuta yatakayoirudisha, hata chupa iandikwe maneno gani. Tiba ni mkasi. Asiyetaka kukata zote mara moja na akate kidogo kidogo kila mwezi, huku akingoja zinazoota. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Kwa hiyo mwaka mzima huleta kama sentimita 12. Katika muda huo pale zipya zinapokutana na zilizoungua ndipo panapokatika kwa urahisi, na zichanwe zikiwa na unyevu na mafuta, kwa kitana chenye meno mapana, kuanzia ncha kwenda shinani.

Hii haina maana kwamba mafuta hayafai kitu. Uchunguzi wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, ukaonyesha kwamba ya nazi ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, kwa kuwa hupenya ndani ya unywele. Bibi zetu waliyapaka pasipo maabara. Lakini hiyo ni kinga, si ufufuo. Krimu zenye protini nazo huziba nyufa kwa siku chache na kupunguza msuguano. Anayeziona ngozi za kichwa chake zina vidonda au mabaka yasiyoota nywele, asiende dukani; aende kwa daktari wa ngozi.

Simwambii mtu mzima asinyooshe nywele zake. Kichwa ni chake. Nasema tu kwamba akitaka kunyoosha, na afanye kama mtu anayeshika uzi. Aanze na nywele safi zilizokauka kabisa. Atumie pasi yenye kipimo cha joto, aanzie chini, na asivuke digrii 180 hivi isipokuwa nywele zake ni nene mno. Apake kwanza krimu ya kuzikinga na joto, achukue mafungu madogo, apitishe pasi mara moja, si mara tano. Kitana cha makaa, ikiwa hapana budi, kijaribiwe juu ya karatasi nyeupe. Karatasi ikibadilika rangi, kipoe kwanza. Chama cha Madaktari wa Ngozi cha Marekani hushauri kwamba zoezi hili lisizidi mara moja kwa juma. Kwa mintarafu ya harusi zetu, maana yake ni kuchagua usiku mmoja, na siku nyingine kusuka.

Na iko njia isiyohitaji moto kamwe. Nywele zenye unyevu kidogo hugawanywa mafungu, kila fungu likazungushiwa uzi mweusi kutoka shinani hadi nchani, zikaachwa usiku kucha zikauke. Asubuhi uzi ukifunguliwa, nywele huwa zimerefuka na kulainika, kwa sababu vile vifungo dhaifu vimejifunga upya zikiwa zimevutwa. Hazilali kama za pasi, lakini hazikatwi. Sharti ni moja: uzi usikazwe mno, kwani mvuto wa kila siku hung'oa nywele za kipajini hadi zikakataa kuota.

Ama wale wanaokimbia pasi na kuangukia kemikali, wapime. Baadhi ya krimu za kunyoosha hutoa hewa ya fomaldehaidi zinapopigwa pasi, na shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani liliiorodhesha fomaldehaidi mwaka 2004 miongoni mwa vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2022 watafiti wa serikali ya Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497: miongoni mwa wasiotumia kemikali za kunyoosha, 1.64% walikadiriwa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Miongoni mwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, 4.05%. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba kemikali ndiyo iliyosababisha, lakini watosha kumfanya mtu mwenye akili asiziite dawa.

Jambo hili si la Kuze pekee. Kitana cha moto kilienea miongoni mwa Wamarekani weusi mwanzoni mwa karne ya 20, na sifa za kukibuni hupewa mara nyingi Madam C. J. Walker, aliyefariki mwaka 1919. Hakukibuni; vyuma vya moto vya nywele vilitumika Ufaransa tangu karne ya 19. Wengi husahau kwamba mwanamke huyo alianza biashara yake kwa kuuza mafuta ya kuotesha nywele, kwa kuwa zake mwenyewe zilikuwa zikinyonyoka. Kilio cha mpwa wangu ni cha zamani.

Kwa nini basi nawaandikia walimu na wanafunzi? Kwa sababu shule nyingi za sekondari nchini huwataka wasichana wazikate nywele ziwe fupi. Sina nia ya kuijadili kanuni hiyo leo. Natazama tu matokeo yake: msichana humaliza masomo akiwa na umri wa miaka 18, na kwa mara ya kwanza tangu utoto ana nywele ndefu kichwani ambazo hakuna aliyemfundisha kuzitunza. Wa kwanza kumfundisha ni tangazo la biashara, na tangazo humwambia kwamba nywele zake ni ngumu na zina dawa.

Mwalimu wa sayansi anaweza kumtangulia muuzaji. Achukue nywele chache zilizobaki kitanani, azilowanishe, azizungushe kwenye kalamu hadi zikauke, kisha azinyunyizie maji tena. Darasa zima litaona vifungo vya haidrojeni vikifanya kazi, na hakuna atakayeungua. Mwalimu wa Kiswahili naye awatume wanafunzi wakusanye maneno yote wanayoyatumia kuzitaja nywele, wayapange mafungu mawili: yanayoeleza umbo na yanayotoa hukumu. Kisha wahesabu.

Mpwa wangu nilimjibu kwamba hazina dawa. Alilia kidogo, akaenda kuzikata, na zilizosalia zilikuwa fupi kuliko alivyotarajia. Siku hizi kila Ijumaa usiku huenda kwa nyanyake, Kuze, huketi chini kwenye mkeka, akasukwa kwa uzi. Mamangu macho yamepungua nuru, lakini vidole vyake havijasahau. Juzi nilimsikia akimwambia mjukuu wake, “Ukiona pauma, sema nilegeze.” Kwa maoni yangu, hayo ndiyo yaliyostahili kuwa msemo.