Kuupanda Mlima wa Werugha

Sisi watu wa pwani tumezoea njia za sawa. Kwa hivyo mwenzetu afikapo Werugha, katika milima ya Taita, kimshindacho kwanza si baridi, ni njia. Kijiji kiko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na popote uendapo ni kupanda au kushuka. Mama wa makamo, mzigo mgongoni, humpita akizungumza. Naye kijana wa mjini amesimama, ameshika kiuno, ahema.

Mama huyo alianza utotoni na mzigo mdogo. Nasi chuoni, nani aliyeanzishwa Al-Baqara? Tulianza alifu, tukaja sura fupi za Juzuu Amma, na mwalimu hakuongeza aya mpaka ya jana ikae. Mwili nao ni mwanafunzi. Moyo na misuli huitika mapema. Kano na mifupa huchelewa, na hapo ndipo wenye pupa huumia magoti.

Basi atakaye kilele cha Vuria, mita 2,208, na aanze na kilima kimoja, siku tatu kwa juma, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza. Juma la pili aongeze dakika chache, akiumwa, apunguze. Shirika la Afya Duniani lataka watu wazima wapate angaa dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma, lakini hazikusanywi siku moja. Mwenye sukari au presha amwone tabibu kwanza.

Kushuka nako kusidharauliwe. Ndiko kuumizako mapaja zaidi, na mgeni hulijua hilo alfajiri ya pili, atakapo kurukuu.