Jina lililopotea katika orodha

Kuelekea Ramadhani iliyopita niliandika programu ndogo, kwa lugha ya Python, ya kuorodhesha michango ya ukarabati wa msikiti wetu hapa Musoma. Ikawa kila orodha ikichapwa, mzee aliyetangulia kuchanga hayumo. Aliniuliza kwa upole fedha zake zilikwenda wapi. Ndugu msomaji, swali hilo kwa katibu si dogo.

Usiku ule niliomba msaada mtandaoni kwa watu nisiowajua. Mmoja akajibu: "Mzee wako hajapotea. Yupo sifuri, anakusubiri umsalimie." Wengine wakamuunga mkono kwa vijisura vya kucheka. Niliandika jibu kali. Adhana ya Alfajiri ikaniwahi kabla sijalituma. Niliporudi nikasoma upya. Mle mle katika dhihaka mlikuwa na jibu: Python huhesabu vitu vya orodha kuanzia 0, nami nilianzia 1. Nikasahihisha tarakimu moja, nikamshukuru.

Mzaramo humtania Mnyamwezi hata msibani, kwa kuwa kila mmoja anaujua mpaka. Mtandaoni mpaka huo haupo. Mwingine alinishauri niandike amri ya rm -rf, eti "husafisha makosa yote". Katika kompyuta za Linux amri hiyo hufuta mafaili bila kuuliza! Alhamdulillahi, nilitafuta kwanza maana yake.

Nilimpelekea mzee orodha mpya. Akaitazama kwa muda, kisha akauliza: kumbe aliyetangulia kutoa ndiye sifuri?