Anachotafuta Mtahini Angani

Mwaka 1911, mtu aliyetaka cheti cha urubani kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Anga, FAI, aliruka peke yake. Mashahidi walibaki uwanjani wakitazama juu. Alitakiwa kuzunguka akichora umbo la nane, kupanda angalau mita 50, na kutua injini ikiwa imezimwa, asizidi mita 50 kutoka alama aliyowekewa. Mashahidi waliiona ndege. Yaliyopita kichwani mwa rubani hawakuyaona, na hakuna aliyeyauliza.

Siku hizi mtahini hukaa kiti cha kulia, bega kwa bega na mtahiniwa, na amekaa pale kwa ajili ya hayo hayo ambayo mashahidi wa 1911 hawakuweza kuyaona. Watu wengi hudhani mtihani wa leseni ya rubani binafsi, PPL, ni wa kuonyesha wepesi wa mikono. Nimefundisha urubani, na nashikilia kwamba mikono ni kiingilio tu. Kinachopimwa ni uamuzi: nani hasa anaiongoza ndege hii, na anaamua kwa kutegemea nini?

Kiingilio chenyewe si kidogo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka kiwango cha chini ambacho nchi nyingi, zetu zikiwemo, zimekifuata: umri wa miaka 17, cheti cha afya cha daraja la pili, mitihani ya nadharia, na saa 40 za kuruka. Kati ya hizo, saa 10 uwe peke yako, pamoja na safari moja ya angalau kilomita 270 yenye kutua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Wanafunzi wengi huhitaji saa nyingi zaidi ya hizo, na hakuna aibu ndani yake.

Mtihani huanzia mezani. Mtahini hukagua hati za ndege na za mtahiniwa, kisha huomba mpango wa safari: ramani, hali ya hewa, matangazo ya viwanja, hesabu ya mafuta pamoja na akiba ya nusu saa, hesabu ya uzito na mizani. Hapa ndipo kazi ilipo kwa anayefanyia mtihani Uwanja wa Wilson, Nairobi, ambako marubani wengi wa Afrika Mashariki wamejifunzia. Wilson uko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida cha kimataifa, hewa ya kimo hicho ingekuwa na joto la nyuzi 4 hivi. Mchana wa Februari kipimajoto kikifika 26, hewa hutanuka na kuwa nyepesi, na ndege hufanya kazi kana kwamba iko zaidi ya futi 8,000. Cessna 172 yenye injini ya nguvu za farasi 160 hubakiwa na kama 120. Propela inasukuma hewa haba, bawa nalo linataka mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi kabla halijainua chochote.

Kwa hiyo mtahini akiuliza, "Mimi na wewe, matangi yamejaa, saa saba mchana, tutahitaji mita ngapi kupaa?" hataki kusikia "zitatosha, Kapteni." Anataka uufungue mwongozo wa ndege, uguse jedwali kwa kidole, umtajie namba. Anaweza kuendelea kwenye uzito. Cessna 172P ina viti vinne, na uzito wake wa juu kabisa wa kupaa ni kilo 1,089. Ondoa uzito wa ndege yenyewe na mafuta ya matangi kamili, hubaki karibu kilo 280. Watu wazima wanne wa kilo 75 kila mmoja tayari wamezidi, na hapo hawajapakia hata begi moja. Kuna viti vinne, lakini si kila siku kuna nafasi ya watu wanne.

Mfano mwingine ni kifundo chekundu cha kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Malindi, ufukweni, husukumwa ndani hadi mwisho kabla ya kupaa. Mwongozo wa Cessna 172 unaagiza kwamba juu ya futi 3,000 mafuta yapunguzwe hadi injini ifikie mizunguko yake ya juu. Mtu aliyekariri ya pwani akayarudia Wilson ataipa injini mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na ataipoteza hata ile nguvu kidogo iliyosalia. Mtahini akiuona mkono ukisita kwenye kifundo hicho, kisha ukikivuta nje taratibu huku macho yakiwa kwenye saa ya mizunguko, amekwisha kujifunza mengi juu ya mtu huyu.

Baada ya kupaa, ndege huelekea kusini, ikavuka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwenda nyanda za Kajiado. Mazoezi ya huko yanajulikana: kuruka polepole, kupinda kwa mwinamo wa nyuzi 45, kurudi kwenye uelekeo ule ule. Viwango vya Marekani havitaki upotoke zaidi ya futi 100 juu au chini katika kupinda huko. Mazoezi haya huchosha mtu.

Zoezi la stoli linastahili maneno zaidi. Stoli haina uhusiano na injini kuzimika. Ni bawa kuikabili hewa kwa pembe kubwa mno, kama nyuzi 15 au 16, hata mkondo wa hewa ukabanduka juu yake na nguvu ya kuinua ikaporomoka. Pua inapoanza kuanguka, mwili wote wa binadamu unamwambia avute usukani ili ainuke. Tiba ni kinyume chake: sukuma mbele, punguza pembe, bawa lishike hewa tena, ndipo uongeze nguvu na kupanda. Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France, safari namba 447, iliingia stoli ikiwa karibu futi 38,000 juu ya Atlantiki, na kwa sehemu kubwa ya dakika tatu na nusu za kuanguka kwake usukani ulikuwa umevutwa nyuma. Watu 228 walifariki. Marubani wale walikuwa na leseni za juu kabisa, na kilichowashinda ni somo la mwanafunzi wa Cessna. Nikimwona mwanafunzi analifanya zoezi hili harakaharaka ili lipite, namrudisha alifanye tena.

Kisha mtahini hupunguza nguvu ya injini hadi mwisho na kusema, "Injini imekufa." Altimita inasoma futi 7,500, na mwanafunzi anajiona ana muda tele. Lakini altimita inahesabu kutoka usawa wa bahari, na ardhi ya Kajiado iko chini yake kwa futi 2,000 tu, au pungufu. Kwa mwendo wa noti 65, ambao ndio unaoifikisha Cessna 172 mbali zaidi bila injini, futi 2,000 ni maili tatu za baharini na kama dakika tatu. Katika dakika hizo mtahini husikiliza mpangilio wa mawazo. Mwendo sahihi kwanza. Kisha upepo, kwa kutazama vumbi au moshi. Kisha shamba au uwanda usio na korongo, uzio wala ng'ombe. Baada ya hapo ndipo utafute sababu: swichi ya mafuta, hewa moto ya kabureta, sumaku za kuwashia. Redio huja mwisho, kwa kuwa mwongoza ndege aliye mnarani hana bawa la kukuazima.

Aliyechagua uwanda wa wastani mapema na kuushikilia hufaulu. Anayeshindwa ni yule anayeuacha wa kwanza kwa ajili ya mzuri zaidi ng'ambo, akauacha na wa pili, mpaka kimo kikamwishia.

Katikati ya hayo mtahini anaweza kudondosha kalamu, kuuliza jina la mlima fulani, au kutangaza kwamba wingu limeziba njia ya Amboseli na uchague kiwanja kingine. Si uchokozi. Abiria halisi watayafanya hayo yote, na rubani lazima aweze kusema kwa adabu, "Subiri kidogo, nina kazi." Jibu hilo ni la kusifiwa. Vivyo hivyo anayekaribia kutua akaona mkao si mzuri, akaongeza nguvu na kupanda tena kuzunguka upya, hajajiharibia. Na anayesema asubuhi kwamba mawingu ni ya chini mno, tuahirishe, hajashindwa mtihani. Kwa macho ya mtahini makini amekwisha kujibu swali gumu kuliko yote.

Kushindwa nako kuna ngazi. Kwa utaratibu wa Uingereza, aliyeanguka sehemu moja hurudia sehemu hiyo, aliyeanguka zaidi ya moja hurudia mtihani mzima. Marekani humpa siku 60 za kurudia yaliyomshinda bila kuyafanya upya aliyofaulu.

Nina lalamiko moja kuhusu mtihani wetu huku nyanda za juu. Kwa kawaida tunaufanya asubuhi, saa moja au saa mbili, hewa ikiwa baridi na tulivu, watu wawili ndani. Halafu leseni inatumika Jumapili mchana, na familia, jua likiwa kali. Ndege ile ile inakuwa kama nyingine, na mwenye leseni hajawahi kukutana nayo. Sipendekezi kuwatahini watu kwenye mitikisiko ya saa nane. Napendekeza swali moja mezani lisikosekane kamwe: uko Amboseli, kiwanja kiko karibu futi 3,750, joto ni nyuzi 33, upepo umetulia, mko wanne na mizigo, na wenzako wanataka kuwahi Nairobi kabla ya giza. Hesabu inaonyesha ndege itafanya kazi kama iko futi 6,800 hivi. Mtahiniwa atoe uzito kwa kilo, urefu wa kupaa kwa mita, na jina la atakayebaki chini, au saa ya kuondoka kesho yake asubuhi.