Kibodi au pedi: ipi inafaa kwa gemu unayocheza?

Msikilizaji, kabla hujatoa pesa kununua pedi ya gemu, jiulize kwanza unacheza nini.

Kitufe cha kibodi ya kawaida kina hali mbili tu: kimebonyezwa au kimeachwa. Kijiti cha pedi hupima umekisukuma kiasi gani na upande gani, hivyo gari hukata kona taratibu. Kwa mpira na mbio za magari, chagua pedi.

Kwa gemu za kulenga shabaha kwenye kompyuta, kibodi pamoja na kipanya hushinda, maana mkono hulenga haraka kuliko kidole gumba.

Mwenye simu ya Android anaweza kuunganisha pedi kwa Bluetooth au waya wa OTG, lakini si kila gemu huikubali. Ijaribu kwenye simu yako hapohapo dukani, ndipo ulipe.