Dar es Salaam hadi Mumbai: Hesabu ya Safari ya Mgonjwa

Mgonjwa anapopewa rufaa ya kwenda kutibiwa India, ndugu zake aghalabu huuliza kwanza: ni mbali kiasi gani? Jibu la ramani ni jepesi. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere hadi Mumbai ni takribani kilomita 4,700 juu ya Bahari ya Hindi, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa muda wa saa sita hivi. Anayepitia Dubai husafiri kilomita zipatazo 5,900, na akijumlisha muda wa kusubiri ndege ya pili, saa sita hugeuka kumi au zaidi. Nauli ya njia ndefu mara nyingine huwa nafuu, lakini kwa mwenye moyo dhaifu unafuu huo una gharama yake.

Mwili una hesabu nyingine. Hewa ndani ya ndege hailingani na ile ya pwani, bali na ya mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400. Ni kana kwamba mkazi wa Kariakoo amepandishwa Njombe kwa nusu saa, akakaa huko hadi safari iishe. Mwenye afya hahisi kitu. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, selimundu, ugonjwa wa mapafu au wa moyo huenda akapungukiwa oksijeni. Kwa hiyo himoglobini na oksijeni hupimwa kabla tiketi haijakatwa, si jioni ya kuondoka. Mtungi wa oksijeni wa nyumbani kwa kawaida hauruhusiwi ndegeni. Huduma hiyo huombwa mapema kwa shirika la ndege, kwa fomu ya kitabibu inayojazwa na daktari.

Kukaa kitako nako kuna madhara. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti kwamba hatari ya damu kuganda mishipani huongezeka takribani maradufu baada ya safari ya saa nne au zaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari hiyo ni ndogo, mmoja kati ya 6,000. Kwa mgonjwa wa saratani au aliyetoka kupasuliwa ni kubwa zaidi. Achezeshe vifundo vya miguu, atembee ujiani, anywe maji. Soksi za kubana na dawa za kuzuia damu kuganda ni uamuzi wa daktari.

Mumbai imetutangulia kwa saa mbili na nusu. Anayetumia insulini aibebe katika begi la mkononi, maana kwenye shehena yaweza kuganda, na apange na daktari wake saa za kudunga.

Safari inayosahaulika, kwa maoni yangu, ni ya kurudi. Angani, gesi iliyobaki tumboni baada ya upasuaji hutanuka kwa karibu theluthi moja na kuvuta mishono. Baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo hushauriwa kusubiri siku kama kumi, na tarehe huamuliwa na aliyempasua. Basi tiketi ya kurudi na iwe ya kubadilika. Kabla ya kuondoka, mgonjwa adai muhtasari wa matibabu wenye majina ya kitaalamu ya dawa zote, kwa kuwa jina la kibiashara lililo kwenye boksi la Mumbai huenda lisijulikane katika duka la dawa la Temeke.