Mzee akae wapi: Nakivale, Rwekubo au Mbarara?

Kijana wa Nakivale akishapata kazi Mbarara, awe fundi, mshonaji au muuza vitenge, ndugu na majirani hawachelewi kumuuliza: mama utamtoa lini kambini? Kumwacha huko kunaonekana kama kumtupa, na kumleta mjini ndiko kumtunza. Kabla ya kujibu, shika kalamu uhesabu, na usiishie kwenye kodi na unga. Mama aliyezoea kusalimiwa na kila apitaye njiani anaweza kushinda mjini kutwa nzima bila kusemeshwa na mtu, hadi wewe urudi usiku umechoka. Hiyo nayo ni gharama, na anayeilipa ni yeye.

Tuanze na Nakivale yenyewe. Makazi haya ya wakimbizi ya wilaya ya Isingiro, Uganda, yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipopokelewa Wanyarwanda, na leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Faida yake kubwa kwa mzee ni kwamba nyumba haina kodi. Kiwanja amepewa atumie, na hakuna mwenye nyumba anayebisha hodi mwisho wa mwezi. Kuna bustani, hata iwe ndogo kiasi gani, na kazi ya kupalilia maharage humpa mtu sababu ya kuamka. Gharama zake ni kuni, ambazo zinazidi kuwa mbali, kibarua wa kuchota maji kama miguu imechoka, na ukarabati wa paa.

Iliyoharibika ni posho. Mwanzoni mwa mwaka 2020 mkimbizi anayepokea fedha badala ya chakula alipewa shilingi 31,000 kwa mwezi. Aprili mwaka huo zikashuka hadi 22,000, na mwaka 2021 zikawa 19,000. Bibi anayelea wajukuu watatu alikuwa akipata shilingi 124,000 kwa watu wanne. Kwa kiwango cha mwaka 2021 alibaki na 76,000. Tangu 2023 watu wamegawanywa kwa makundi ya uhitaji, na mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likawaondoa watu wapatao milioni moja kwenye msaada nchini Uganda kwa kukosa fedha. Kwa hiyo usimpangie mzee maisha kwa posho ya zamani. Muulize leo yuko kundi gani na mara ya mwisho alipokea kiasi gani, uandike hicho. Ruzuku ya wazee ya serikali, shilingi 25,000 kwa mwezi, usiiweke kwenye hesabu: anayeipata ni raia mwenye kitambulisho cha taifa aliyefikisha umri uliowekwa. Jirani Mnyankore wa miaka 80 anaweza kuipokea, lakini mama yako mwenye umri huohuo na kadi ya ukimbizi hayumo.

Sasa Mbarara. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, kwa hiyo kuhamia mjini si kosa. Msaada, hata hivyo, unafuata mahali mtu alipoandikishwa. Akihamia Mbarara atalazimika kurudi Nakivale kwa kila uhakiki na kila malipo, na nauli ya kwenda na kurudi, pengine ya watu wawili kwa sababu hawezi kusafiri peke yake, inaweza kumeza sehemu kubwa ya kile alichokifuata. Ulizeni mapema kama anaweza kuandikiwa mtu wa kumpokelea.

Muzigo, kile chumba kimoja cha kupanga, hudaiwa kodi ya miezi kadhaa kabla hujaingiza godoro. Maji ni ya kulipia, mkaa ni wa kulipia, na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyokuwa inachumwa nyuma ya nyumba sasa inanunuliwa. Kikubwa unachopata ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Ada katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, lakini dawa zikiisha kwenye ghala utatumwa duka la dawa, na hapo ndipo fedha inapotoka. Kwa mzee mwenye presha au kisukari, dawa za kununua ziwe na mstari wake kwenye bajeti.

Halafu kuna lugha. Nakivale mzee wa Kivu, Kongo, anaongea Kiswahili kutoka kisimani hadi kanisani. Mtaa wa Mbarara una Kinyankore. Majirani si wabaya hata kidogo, ila salamu ikishapita mazungumzo yamekwisha. Baada ya miezi michache utasikia akisema hana hamu ya kula, halali vizuri, ana mawazo mengi. Wengi hudhani ni uzee tu. Mara nyingi ni upweke, nao una madhara mwilini: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 ilikadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka.

Rwekubo ni njia ya kati ambayo familia nyingi huisahau. Ni senta ya Isingiro yenye maduka, mawakala wa fedha za simu na kituo cha afya cha ngazi ya nne, yaani chenye daktari na chumba cha upasuaji. Mzee akiwa hapo, rafiki wa Nakivale anaweza kuja kumwona na kurudi siku hiyohiyo, na wewe uliye Mbarara huhitaji kuomba ruhusa ya siku mbili. Ubaya wake ni kwamba kodi bado ipo na wewe bado uko mbali. Rwekubo naishauri kwa mzee ambaye tatizo lake ni kliniki ya mara kwa mara na ambaye ana ndugu au rafiki wa dhati anayeishi hapo. Kumpangia chumba Rwekubo peke yake, bila mtu, ni kulipa kodi ya upweke.

Kwa wazee wengi ninaona heri kodi ya muzigo igeuzwe nauli na simu. Chukua fedha ambayo ungempa mwenye nyumba, uigawe: sehemu ilipe kijana wa jirani achote maji na kuleta kuni, sehemu ikupeleke Nakivale kila mwezi, sehemu iwe vocha yake na mchango wake wa likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana na kupokea kwa zamu. Huo mchango usiukate hata mwezi ukiwa mgumu. Mzee anayechangia hutafutwa asipoonekana, na zamu yake ikifika huheshimiwa kama mtu mwenye chake.

Kwa simu, tangu 2019 mkimbizi anaweza kusajili laini kwa kadi ya ukimbizi au barua ya familia, kwa hiyo hana haja ya laini yenye jina la mtu mwingine. Kodi ya serikali kwenye kutoa fedha ni asilimia 0.5, yaani shilingi 500 kwa 100,000, juu yake makato ya kampuni. Makato hayo huenda kwa viwango, kwa hiyo linganisha kutoa mara moja na kutoa kidogo kidogo. Namba ya siri ibaki kwake. Wazee wanaoitaja kwa sauti mbele ya wakala, au kuikabidhi kwa mjukuu wa jirani, hupoteza fedha na kisha hupoteza imani na watu wote wanaowazunguka, na hasara hiyo ya pili ndiyo nzito.

Kama mawazo yamezidi, usidhani tiba iko mjini tu. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanyika Nakivale kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia waliokuwa na majeraha ya moyo ya vita. Waliowasikiliza hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa. Waliopata msaada huo walipona zaidi ya wale waliofuatiliwa tu bila tiba. Zimbabwe nako, tangu 2006, mabibi hufunzwa kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye msongo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha nafuu kubwa kwa wagonjwa. Mama yako anaweza kuwa msikilizaji wa wengine pia.

Wapo wa kuhamishwa bila kusita: anayehitaji hospitali ya rufaa kila wiki, anayeanza kupotea njia ya nyumbani, aliyezika wenzake wote na sasa hana wa kumfungulia mlango, au aliyefika juzi na hajajenga ujirani. Hao walete, na ukiwaleta tafuta kwanza kanisa au msikiti wenye watu wa lugha yao, kisha chumba kilicho karibu nao, hata kikizidi bei kidogo.

Lakini usiachie kiwanja cha Nakivale siku ya kwanza. Ardhi hiyo haiuzwi wala haimilikiwi na mkimbizi, na ikiachwa wazi anaweza kupewa mwingine. Mlete mzee akae Mbarara mwezi mmoja kama mgeni, tena wakati shule zimefunguliwa, maana wakati wa likizo nyumba imejaa watoto na kila mzee atasema mji ni mzuri. Mwisho wa mwezi muulize ukiwa umekaa naye chini, bila mke wala wajukuu kusikiliza, anataka kulala wapi.