Ukihama, hati usizipakie kwenye lori

Jioni moja nilinunua karanga kando ya barabara. Nilipokunjua karatasi niliyofungiwa, nikakuta ni taarifa ya akaunti ya benki: jina kamili la mtu, namba ya akaunti, hata mshahara wa mwezi. Nadhani mwenyewe alikuwa amehama nyumba, akapunguza mizigo, na makaratasi yake yakauzwa kwa kilo pamoja na magazeti ya zamani.

Kuhama ni jambo la kila siku katika ukanda wetu. Kodi inapanda, familia inatoka vyumba vitatu kuingia viwili. Mwingine anapata kazi ng'ambo ya mpaka. Siku ya kupakia, televisheni hufunikwa blanketi na jiko la gesi hufungwa kwa kamba mbili. Cheti cha kuzaliwa hutumbukizwa katika boksi lolote lenye nafasi.

Kitanda kikivunjika njiani kutoka Mwanza, Kigali kuna vitanda. Cheti ni habari nyingine. Cha mzaliwa wa Tanzania Bara hutolewa na RITA. Kitambulisho cha Mganda hutolewa na NIRA. Hakuna ofisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayoweza kukuandikia kingine. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, jambo jema, ila aliyekipoteza akiwa ugenini amepoteza pia hati yake ya kurudia nyumbani.

Ardhi ndiyo yenye maumivu zaidi. Nchini Kenya, hati miliki ikipotea, msajili hutangaza katika Gazeti la Serikali na kusubiri siku 60 kabla ya kutoa nyingine. Kama ulitaka kuuza kiwanja ulipe karo, mnunuzi hatasubiri.

Kwa hiyo, kabla lori halijafika, toa vyeti vya shule, cha ndoa, hati za ardhi, mikataba ya kazi na kadi za kliniki za watoto. Kadi hizi husahaulika sana, na ndizo zenye kumbukumbu za chanjo. Viweke katika mkoba utakaoubeba wewe mwenyewe, usioingia maji. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, ujitumie kwa barua pepe. Simu peke yake huibwa. Picha haichukui nafasi ya hati halisi, lakini itakupa namba ya usajili utakayoulizwa dirishani.

Yasiyohitajika nayo yana hatari yake. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Sheria hizo huzibana taasisi zinazohifadhi taarifa zako. Muuza karanga hazimhusu, na simlaumu. Yeye alinunua karatasi. Nakala za vitambulisho, taarifa za benki na mikataba ya nyumba iliyokwisha usiviache kwa mwenye nyumba wala kwa mnunuzi wa magazeti. Chana vipande vidogo, au choma.

Ile karatasi niliitia motoni jikoni, baada ya karanga kwisha.